Msumeno wa mnyororo, mbao kavu na chungu cha chuma: mambo ya kujua kabla hujaangusha mti

Ukipita Nyakato, kando ya barabara ya Musoma, utakuta mafundi seremala, wachomeleaji vyuma, wauza mbao na mafundi wa injini ndogo wakiwa jirani jirani. Wakipata nafasi ya kupumzika, mazungumzo yao hayaendi mbali. Mmoja atasifia msumeno wake wa mnyororo, ambao wengi tunauita chensoo. Wa pili atalalamika kuwa mbao alizouziwa zimepinda. Wa tatu atasema chakula kilichopikwa kwenye chungu kizito cha chuma hakifanani na cha sufuria nyepesi.

Wasikilizaji wetu wa vijijini nao wana maswali hayohayo, maana wengi wana miti michache shambani na wanapikia kuni. Katika makala hii tumeyaweka mambo hayo matatu pamoja, kwa sababu yanafuatana: mti unakatwa, unakaushwa, kisha unakuwa mlango, kitanda au moto wa jikoni. Jambo la kushika ni hili: msumeno unaangusha mti kwa dakika chache, lakini thamani ya mti huo inaamuliwa na miezi inayofuata, wakati maji yaliyomo ndani yake yanapotoka. Anayeharakisha hapo anapoteza fedha, na wakati mwingine afya.

Msumeno huu ulitoka wapi

Majina mawili yanayosikika sana kwenye vijiwe vya wakata mbao ni Stihl na Husqvarna. Stihl ni kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa na Andreas Stihl mwaka 1926. Ilianza na msumeno wa umeme wa kukatia magogo, na mwaka 1929 ikatoa mashine ya petroli ya kuangushia miti. Husqvarna ni ya Uswidi na ni ya zamani zaidi. Mwaka 1689 ilikuwa kiwanda cha bunduki. Miaka ya 1870 ikaanza kumimina vyombo vya jikoni vya chuma, na msumeno wake wa kwanza wa mnyororo ukatoka mwaka 1959. Kwa hiyo anayechanganya habari za misumeno na za vyungu vya chuma kijiweni hajatoka nje ya mada. Kuna kiwanda kilichofanya yote mawili.

Mnyororo wenyewe una kisa chake. Misumeno ya mwanzo ilikuwa na meno yaliyokwaruza mti, yakawa butu haraka. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Marekani, Joseph Cox, alimwona funza wa mdudu anayetoboa mbao akitafuna gogo, akikata kulia na kushoto badala ya kwenda moja kwa moja. Akatengeneza jino la kufanana na taya za funza huyo, na mwaka 1947 akaanza kuuza minyororo hiyo. Kampuni yake ndiyo iliyozaa jina la Oregon unaloliona kwenye maboksi ya minyororo hadi leo. Angalia mnyororo wako: jino moja limeelekea kulia, linalofuata kushoto.

Kabla ya kuwasha: kibali kwanza

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ndiyo inayosimamia uvunaji wa mazao ya misitu Tanzania Bara. Msimamizi mkuu wa misitu ya serikali kuu ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Katika Mkoa wa Mwanza TFS ina mashamba ya miti Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Sengerema. Huko, na katika misitu ya vijiji, huwezi kuingia na msumeno bila kibali.

Kwa mti uliopanda mwenyewe shambani, usikate ukidhani hakuna wa kuuliza. Anza na serikali ya kijiji au mtaa, kisha afisa misitu wa wilaya. Muulize mambo matatu: kibali cha kukata, taratibu za msumeno wenyewe, na hati ya kusafirisha mazao ya misitu, ile ambayo madereva huiita TP. Mbao zinazopita kwenye kizuizi bila hati hiyo zinaweza kukamatwa, na hapo jasho lote limepotea. Kwa miti ya asili kama mvule na mninga, uliza mapema zaidi.

Mafuta na mnyororo

Injini ya msumeno haina sampu ya oili kama ya gari. Oili inachanganywa na petroli. Kwa oili maalumu ya injini za aina hii, kipimo cha kawaida cha misumeno ya kisasa ni 50 kwa 1, yaani lita 5 za petroli na mililita 100 za oili. Misumeno mingi ya zamani inataka 25 kwa 1, yaani mililita 200 katika lita 5. Soma kwenye tangi au kitabu cha mashine. Ukiweka oili pungufu, pistoni inakwaruzika na injini inakufa. Ukizidisha, plagi inachafuka na moshi unakuwa mwingi.

Mnyororo una tangi lake la oili, tofauti na la mafuta. Wengi humimina humo oili chafu iliyotolewa kwenye pikipiki au gari. Oili hiyo ina vipande vidogo vya chuma vinavyokwangua njia ya mnyororo, na ina sumu inayorukia ngozi yako na udongo wa shamba lako. Tumia oili safi.

Sasa meno. Msumeno wenye meno makali unatoa vipande vya mbao vinavyoonekana, na unajivuta wenyewe ndani ya gogo. Ukiona unatoa unga laini kama sembe, na wewe unalazimika kuukandamiza, meno yamekufa. Noa kwa tupa ya mviringo inayolingana na mnyororo wako: mnyororo wa 0.325 unatumia tupa ya milimita 4.8, ule mkubwa wa 3/8 unatumia milimita 5.2, na wa 0.404 unatumia milimita 5.5. Sukuma tupa kuelekea mbele tu, usiirudishe ikiwa imegusa jino. Hesabu mipigo, kwa mfano mitatu kila jino, ili meno ya kulia na ya kushoto yabaki na urefu sawa. Yakitofautiana, msumeno utakata kwa kupinda.

Kuna tofauti kati ya kukata gogo vipande na kulipasua mbao. Kwa kukata vipande, jino hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Kwa kupasua mbao kufuata urefu wa gogo, wapasuaji wengi hushusha pembe hadi karibu nyuzi 10. Mbao zinatoka laini zaidi.

Lakini ujue gharama ya kupasua kwa msumeno wa mnyororo. Kila mkato unakula milimita 8 au 9 za mti. Ubao wa inchi 1 una milimita 25. Maana yake kila mikato mitatu umegeuza ubao mzima kuwa unga. Msumeno wa mkanda wa kiwandani unakula milimita 2 hadi 3 tu. Kama gogo ni kubwa na la bei, piga hesabu ya kulipeleka kwenye mashine kabla hujalipasulia shambani.

Kuangusha mti bila kuumia

Mnyororo unazunguka kwa kasi ya karibu mita 20 kila sekunde. Hakuna mkono wala mguu unaoweza kuondoka kwa wahi. Hatari kubwa iko kwenye ncha ya juu ya bapa linaloongoza mnyororo. Ncha hiyo ikigusa gogo jingine au tawi, msumeno huruka ghafla kumrudia anayeushika, kichwani au shingoni. Kwa hiyo usikate kwa ncha, usinyanyue msumeno juu ya mabega, shika kwa mikono miwili, kidole gumba kikizunguka mpini, na hakikisha breki ya mnyororo inafanya kazi. Msumeno usio na breki hiyo ni wa kuachana nao, hata ukiuzwa bei ya kutupa.

Vaa kofia ngumu, miwani au wavu wa uso, buti, suruali nzito na vizuia kelele. Msumeno hutoa kelele inayozidi desibeli 100. Kiwango kinachokubalika kwa mfanyakazi wa saa 8 ni desibeli 85. Kwa desibeli 100 muda salama ni dakika 15 hivi. Masikio hayapotei siku moja. Yanapotea polepole, na hayarudi.

Kwa mti wenyewe, fuata mpangilio huu:

Kwanza, tazama juu. Tafuta matawi makavu, mizinga ya nyuki, nyaya za umeme, na upande ambao mti umeegemea. Watu, mifugo na watoto wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti.

Pili, safisha njia ya kukimbilia, ielekee nyuma na pembeni, siyo nyuma moja kwa moja. Shina linaweza kuruka nyuma mti unapoanguka.

Tatu, kata mdomo upande unaotaka mti uangukie. Uingie robo moja hivi ya unene wa shina.

Nne, kata upande wa nyuma, juu kidogo ya usawa wa mdomo, lakini usimalize. Acha ukanda wa mti usiokatwa wenye moja ya kumi ya unene wa shina. Ukanda huo ni kama bawaba ya mlango: ndio unaouongoza mti uanguke ulikokusudia. Ukiukata wote, mti unaamua wenyewe.

Tahadhari moja ya kwetu Kanda ya Ziwa. Nyua nyingi za Usukumani ni za minyaa, ule mmea wa utomvu mweupe. Msumeno ukiupita, utomvu unaruka kama mvua, na ukiingia machoni unaunguza vibaya na unaweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa. Kata minyaa kwa panga, ukisimama upande unakotoka upepo, na miwani ivaliwe. Ukirukiwa, osha macho kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha nenda kituo cha afya.

Kukausha mbao: hapa ndipo fedha ilipo

Mti uliotoka kukatwa unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Sehemu ya maji hayo imejaa kwenye vitundu vya mti. Hiyo hutoka mapema na haibadilishi umbo. Sehemu nyingine imeshikwa ndani ya kuta za nyuzi za mti. Hiyo huanza kutoka unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, na kuanzia hapo mbao inasinyaa. Inasinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata mviringo wa pete za mti kuliko kutoka katikati kwenda nje. Ndiyo maana ubao hupinda: pande zake hazisinyai sawa.

Chukua ubao wa upana wa sentimita 20. Ukisinyaa asilimia 5 tu umepoteza sentimita 1. Mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi mwezi wa nne utakuwa na nyufa za kupitisha kidole mwezi wa nane. Mteja atarudi kwa fundi, fundi atamlaumu muuza mbao, na muuza mbao atamlaumu mkulima.

Kwa Mwanza, mbao iliyokauka vizuri kivulini hufika unyevu wa asilimia 12 hadi 15 wakati wa kiangazi, kisha inasimama hapo, maana imelingana na hewa. Huo ndio unyevu anaoutaka seremala. Hivi ndivyo unavyoufikia:

Panga kwa msimu. Mvua zetu ni za Oktoba hadi Desemba na za Machi hadi Mei. Ukikata mwishoni mwa Mei, una Juni, Julai, Agosti na Septemba za kukaushia.

Pasua mapema. Gogo likilala chini na magamba yake, linapasuka kwenye vichwa na linaingiwa na wadudu wanaotoboa. Mkaratusi ndio msumbufu zaidi, kwa sababu shina lake lina mvutano ndani na linaweza kupasuka siku hiyohiyo. Paka vichwa vya mbao rangi ya mafuta au nta iliyoyeyushwa, maana maji hutoka haraka zaidi vichwani kuliko ubavuni.

Inua kutoka chini. Weka matofali au mawe, rundo likae sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi. Mchwa wa kwetu hawangoji.

Tenganisha kwa vijiti. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya unene wa sentimita 2.5, kila baada ya sentimita 50 hivi. Kijiti cha juu kisimame sawasawa juu ya kijiti cha chini. Vikipishana, mbao zitapinda kama mawimbi ya ziwa.

Weka uzito na kivuli. Mawe juu ya rundo huzuia mbao za juu zisijikunje. Bati au makuti yazuie jua na mvua, lakini pande ziachwe wazi upepo upite. Jua kali la moja kwa moja linakausha ngozi ya ubao wakati moyo bado umelowa, na ubao unapasuka.

Kwa makadirio, mbao za inchi 1 za msonobari au mgrivea hukauka kwa miezi miwili hadi mitatu ya kiangazi. Mbao nene za inchi 2 za mti mgumu zinaweza kuchukua nusu mwaka au zaidi.

Usikisie, pima. Kuna kipimo kidogo cha umeme cha unyevu, lakini hata mizani ya dukani inatosha. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, siyo kichwani. Kipime uzito. Kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103, ukikipima tena na tena mpaka uzito usipungue. Tuseme kilikuwa gramu 390 na kimebaki gramu 300. Maji yaliyotoka ni gramu 90. Gawanya 90 kwa 300, zidisha kwa 100: unyevu ulikuwa asilimia 30. Mbao hiyo bado ni mbichi. Usiitengenezee mlango.

Kuni mbichi zinachemsha nini

Sasa twende jikoni. Kilo moja ya kuni zilizokatwa jana inaweza kuwa na nusu lita ya maji. Moto lazima uyapashe na kuyageuza mvuke kabla kuni hazijakupa faida. Joto la kugeuza nusu lita hiyo kuwa mvuke lingeweza kuchemsha karibu lita 4 za maji ya chai. Umelipa kuni, umezibeba kichwani, na sehemu ya joto lake imepanda na moshi.

Kwa lugha ya wataalamu, kilo moja ya kuni ambazo nusu ya uzito wake ni maji hutoa megajuli 8 hivi. Kilo moja ya kuni ambazo sehemu moja tu kati ya tano ya uzito ni maji hutoa megajuli 14 au zaidi. Tofauti hiyo yote ni kukausha tu.

Moshi nao una gharama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaokaa karibu na moshi huo ni mama na watoto wadogo. Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Hilo ndilo lengo. Lakini kwa nyumba ambayo leo inapikia kuni, kuni kavu na jiko lenye bomba la kutolea moshi ni nafuu inayoweza kuanza wiki hii.

Pasua kuni zikiwa mbichi, hasa mkaratusi, kwa sababu ukikauka unagoma shoka. Vipande vya unene wa kifundo cha mkono hukauka haraka kuliko magogo. Panga chini ya bati, mbali na ardhi. Utajua zimekauka kwa dalili nne: vichwa vina nyufa, magamba yanabanduka, uzito umepungua, na ukigonganisha vipande viwili vinalia kwa sauti kali badala ya kudunda kizito. Wanaokausha sangara kwa moshi mwaloni nao wanajua: kuni zilizolowa zinawala muda na zinawapa samaki mweusi asiyeiva.

Onyo: usipikie vipande vya nguzo za umeme au mbao zilizotiwa dawa. Dawa hizo zina sumu, nyingine zina aseniki, na zinabaki kwenye moshi na kwenye majivu. Majivu hayo usiyatie hata kwenye bustani ya mchicha.

Chungu cha chuma: kipi ni kipi

Kanda ya Ziwa na chuma ni marafiki wa zamani. Upande wa Buhaya, mkoani Kagera, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za karibu miaka 2,000 iliyopita, zilizotumia mkaa wa miti. Chuma kile kilifuliwa kwa nyundo kuwa jembe na mkuki. Hakikumiminwa.

Chuma cha kusubu ni kingine: kinayeyushwa kikawa maji kwenye joto la nyuzi 1,150 hadi 1,200 hivi, kisha kinamiminwa kwenye kalibu. Kina kaboni ya asilimia 2 hadi 4, ndiyo maana ni kigumu lakini kinavunjika kikianguka. Pasi ya mkaa ya bibi na mashine ya kusagia nyama ya mkono ni za chuma hicho. Vyuma vizito vya chapati vingi ni vya chuma hicho pia.

Sufuria nyingi nene zinazomiminwa na mafundi wetu siyo chuma. Ni alumini ya mabaki, inayoyeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo moto wa mkaa na feni unalifikia. Hapa pana jambo la kuangalia. Mabaki yanayoyeyushwa yakichanganyika na vipuri vya injini, betri au rangi, madini ya risasi yanaweza kuingia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo vya alumini kutoka nchi 10, zikiwamo Tanzania na Kenya, na ukakuta baadhi vinatoa risasi kwenye chakula. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto. Hatusemi utupe sufuria. Muulize fundi anayeyusha nini, na usipike wala kulaza humo vitu vya uchachu kama nyanya, ukwaju na ndimu.

Kujua kama chombo ni chuma, tumia sumaku. Hata sumaku ya spika ya redio mbovu inafaa. Ikinasa ni chuma, isiponasa huenda ni alumini. Uzito pia unasema: kwa ukubwa uleule, chuma ni kizito zaidi ya mara mbili na nusu.

Chuma hakipitishi joto haraka kama alumini. Kinachelewa kupata moto na kinachelewa kupoa. Kwa maharage, makande na nyama ya mfupa hiyo ni faida: kikishachemka, punguza kuni, funika, na uzito wa chungu utaendelea kushikilia joto. Kuna faida nyingine. Utafiti uliofanyika Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1999 ulikuta watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma waliongezeka damu zaidi kuliko waliopikiwa kwenye vya alumini. Mtoto mwenye dalili za upungufu wa damu apelekwe kituo cha afya. Chungu ni msaada wa ziada, siyo tiba.

Chombo kipya cha chuma, au cha zamani kilichoshika kutu, kinalishwa mafuta hivi:

Sugua kutu kwa steliwaya au mchanga laini, osha, kisha kikaushe juu ya moto mpaka hakuna unyevu.

Paka mafuta ya alizeti au ya pamba, ndani na nje, kisha yafute kama vile uliyapaka kwa bahati mbaya. Ubaki utando mwembamba sana. Ukiwa mnene utanata.

Kipashe moto, nje ya nyumba, mpaka kitoe moshi na moshi uishe. Kiache kipoe. Rudia mara tatu hadi tano. Mafuta yatakuwa yamegeuka utando mweusi mgumu unaozuia kutu na chakula kisigande.

Baada ya hapo usilaze maji wala mboga ya nyanya ndani yake, usimwage maji baridi kikiwa cha moto maana kinaweza kupasuka, na kila ukikiosha kikaushe motoni. Hapa nako adui ni maji.

Kwa ufupi

Uliza kibali kabla ya kuwasha msumeno, na hati kabla ya kupakia mbao.

Noa meno, changanya oili kwa kipimo, usikate kwa ncha, na acha bawaba kwenye kila mti.

Kata mwishoni mwa masika, panga mbao kwa vijiti kivulini, na pima unyevu kabla ya kuuza au kutengeneza.

Pasua kuni mbichi, pikia kavu, na usichome mbao zenye dawa.

Pima chombo kwa sumaku, kilishe mafuta, na kikaushe motoni kila kinapooshwa.

Ukitaka kujifunza kazi hizi kwa mikono, uliza vyuo vya VETA kuhusu useremala na ufundi vyuma, na ofisi ya SIDO ya mkoa kuhusu mashine za viwanda vidogo. Na kama wewe ni mkulima mwenye mikaratusi kumi tu, anza na jambo moja lisilogharimu shilingi: tafuta mahali penye kivuli na upepo, upange matofali ya kuinulia mbao, kabla mti wa kwanza haujaanguka.